Dakika Nne za Dirishani

Yule mpiga video alikuwa akiitwa Jicho tangu ujana wake, na jina hilo hakulipata bure. Mpe bibi harusi aliyenuna, atakurudishia picha yake akicheka. Mpe ukumbi wenye taa moja, atazunguka mpaka aone pembe ambayo taa hiyo inatosha. Lakini sikio lake lilikuwa sikio la kawaida kama langu na lako, naye alilijua hilo, ndiyo maana hakurekodi kitu bila kuvaa hedifoni zake kubwa nyeusi zilizochakaa sifongo. Kamera husikia vyake na mtu husikia vyake. Usipovaa hedifoni, hujui kamera imesikia nini.

"Picha ikiharibika, watu watanung'unika kisha wasahau," alikuwa akiwaambia waliomuuliza habari za kazi. "Sauti ikipotea, hiyo ni maiti. Hairudi."

Basi mtu aliyesema maneno hayo kwa kinywa chake ndiye yaliyomkuta.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, chumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa mkalimani wa mahakama. Mzee yule alikuwa amefanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, akisimama kati ya hakimu na watu waliosema lugha ambayo hakimu hakuijua. Sasa kifua kilikuwa kimemla akabaki mifupa na macho. Alikuwa akiuguzwa na binti yake mkubwa, dobi, mwanamke wa miaka hamsini aliyefua na kupiga pasi nguo za watu hapo hapo uani. Binti wa pili, mdogo wake, alikuwa mfamasia katika mji mwingine, safari ya saa nne kwa basi. Huyo hakuwa amekanyaga nyumba ile kwa miaka sita.

"Nataka kusema na binti zangu," mzee alimwambia Jicho. "Lakini sitaki wanijibu. Ndiyo maana nimekuita wewe."

"Sawa, mzee. Nitakurekodi, kisha niwape lini?"

"Nikishazikwa. Wakae pamoja, wote wawili, wasikilize pamoja. Usimpe mmoja kwanza."

Jicho akafunga mlango ili dobi asisikie. Akasimamisha kamera kwenye stendi, akambana mzee kimaiki kidogo kwenye kola ya shati, akaupitisha waya chini ya blanketi mpaka kwenye tundu la kamera. Akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Akamwomba mzee ahesabu moja mpaka tano, akasikia kila namba, hata ile pumzi iliyokuwa ikikwaruza baina ya namba na namba. Kila kitu kilikuwa barabara. Akaiacha kamera iendelee.

Mzee akazitazama zile hedifoni.

"Tumeshaanza, mzee. Sema tu."

"Siwezi kuzungumza na mtu aliyeziba masikio."

Jicho akatabasamu. "Hizi haziyazibi, mzee. Ndizo zinazonifanya nikusikie."

"Kijana, mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja. Hakimu akiziba sikio kwa kiganja, ujue amekwisha kuamua. Vitoe hivyo. Haya nitakayosema sijapata kumwambia mtu. Nikisema, nataka niyaone yakiingia katika masikio ya binadamu."

Ungefanya nini wewe? Mtu anakufa, anakuomba kitu kidogo namna hiyo. Jicho akazivua, akazining'iniza shingoni. Alivitazama vile vijiti vya kijani vinavyoonyesha sauti kwenye kioo cha kamera, akaona vinacheza, akaridhika.

Mzee akaanza na mkubwa. Alizungumza polepole, mkono juu ya blanketi. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, jua lililotoka dirishani likaanza kumpiga usoni, na Jicho, ambaye jicho lake halikuvumilia mambo hayo, akaisogeza stendi hatua moja upande wa kabati, kwa uangalifu, bila kuikatiza picha. Hapo ndipo waya ulipovutika. Haukuchomoka wote. Ulitoka nusu tu kwenye tundu, kadiri ya upana wa punje ya mchele. Kamera ikaacha kumsikia mzee, ikabaki inasikia mvumo wa umeme wa ule waya, na vijiti vya kijani vikaendelea kucheza kwa mvumo huo kana kwamba mtu anazungumza.

Kilichofuata kwa mzee ni dakika ishirini na mbili. Alipomaliza alilala akatazama dari, akasema, "Asante. Sasa vaa vitu vyako." Jicho akacheka, wakaagana. Uani dobi alimuuliza, "Amesema nini?" naye akajibu kwamba ni siri ya mwenyewe. Dobi akarudi kwenye pasi yake bila kuuliza tena.

Ofisini Jicho alihamisha ile video kwenye kompyuta. Alitazama mwanzo wake, akasikia ile hesabu ya moja mpaka tano ikilia safi kama kengele, akaruka mbele, akaona picha imetulia, akaifunga. Kulikuwa na harusi mbili wiki ile.

Mzee alikufa baada ya siku kumi na moja. Mfamasia alipata habari akiwa njiani kwenda kumwona, basi lake likaharibika, akafika kesho yake, kaburi limekwisha kufukiwa.

Wiki ilipokwisha, dada hao wawili waliketi mbele ya kompyuta ya Jicho kama alivyotaka baba yao, kila mmoja amekumbatia mkoba wake, viti vimegusana lakini mabega hayakugusana. Jicho akawasha. Baba yao akatokea kiooni, akahesabu mpaka tano. Mfamasia akajishika mdomo. Wakasikia yale mabishano ya hedifoni, na dobi hata akacheka kidogo kwa pua, "Ndiye huyo huyo." Mzee akasema, "Binti yangu mkubwa, wewe nitaanza nawe, maana kwako nina..." Picha ikayumba kidogo kuelekea kabatini. Kukasikika *kwii*, kisha mvumo.

Midomo ya mzee iliendelea kwenda.

"Ongeza sauti," dobi alisema.

Jicho akaongeza. Mvumo ukaongezeka.

"Ongeza!"

"Dada..." Jicho aliukagua waya wa spika. Akaruka mbele dakika mbili. Mvumo. Akaruka tano. Mvumo. Akaenda mwisho kabisa, akaona mdomo wa mzee ukimshukuru, na mvumo ndio uliomjibu. Akarudi nyuma, akachomeka hedifoni, akasikiliza mwenyewe, kana kwamba maneno yangeweza kuwa yamejificha humo ndani yakimsubiri yeye. Hayakuwemo.

Aliwaeleza yaliyotokea. Hakumsingizia mzee. Alisema, "Kosa ni langu. Nilipaswa kukataa kuzivua. Na nilipaswa kusikiliza nilipofika hapa, mzee akiwa bado yu hai. Sikusikiliza."

Ofisi ilikuwa ghorofani, na chini yake kulikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji, na mashine yake ilisikika ikipiga.

"Lakini wewe ulikuwemo chumbani," mfamasia alisema.

"Nilikuwemo."

"Na masikio ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, dada. Nilisikia." Akamgeukia dobi. "Alisema ana deni kwako. Alisema ulipotolewa shule ukiwa na miaka kumi na sita ili umwuguze mama yako, alikwambia ni mama yako aliyetaka. Alisema huo ulikuwa uongo. Ni yeye aliyetaka. Mama yako alilia akimshika miguu asikutoe."

Dobi hakusogea. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa amemlaumu mama yake. Mwanamke yule alikufa mikononi mwake, naye akamwosha, akamzika, na tangu siku ile hakuwahi kurudi kwenye kaburi lake hata kung'oa jani. Alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

"Na mimi?" mfamasia aliuliza.

Sasa hapa ndipo Jicho alipopotea. Alimtazama mwanamke yule, macho yamemvimba, na akatafuta kichwani mwake mzee alisema nini kuhusu binti mdogo. Hakukuta kitu. Alikumbuka mzee akigeuka. Alikumbuka taa nyekundu ya betri ikianza kumetameta. Basi. Na badala ya kusema hivyo, huruma ikamtangulia mbele, na huruma isiyo na akili ni msiba mwingine.

"Alisema... alisema, 'Mwanangu mpendwa, nimekusamehe.'"

Mfamasia akauliza, taratibu kabisa, "Amenisamehe nini?"

"Hakueleza, dada."

"Miaka sita iliyopita nilimzika mume wangu. Safari ni ya saa nne. Baba hakuja. Hakupiga simu. Hakutuma mtu. Hata siku moja hakulitaja jina la mume wangu tena. Na sasa wewe unaniambia *yeye* ndiye amenisamehe *mimi*?" Akasimama. "Baba yangu alikuwa mkali, alikuwa na kiburi, lakini neno lilikuwa kazi yake. Asingelikosea neno hilo. Hilo ni lako wewe. Umelitunga hapa hapa."

Jicho akainamisha kichwa.

"Sema!"

"Nimelitunga. Sikumbuki alichosema. Nisamehe."

Lakini pigo hilo lilimwangukia mwingine. Dobi, ambaye dakika moja nyuma alikuwa amerudishiwa mama yake, alifunga mkoba wake taratibu. "Kumbe hata langu umelitunga," alisema.

"Hapana! La kwako ni kweli, dada. Naapa."

"Mwongo haapi mara moja," dobi akasema, na akatoka.

Siku tatu Jicho hakula vizuri wala kulala vizuri. Wasiwasi wake haukuwa tena kuhusu waya. Alikuwa amekabidhiwa maneno ya kweli, yakapita salama katika sikio lake ingawa mashine iliyakosa, kisha yeye mwenyewe akayachafua kwa sentensi moja. Ni kama mtu aliyeokoa ndoo ya maji kwenye moto, akaimwaga mlangoni.

Siku ya nne akamkumbuka Mjalidi.

Mjalidi alikuwa mwanamke aliyejalidi vitabu kwenye kile kiwanda cha chini, na alikuwa kiziwi. Alipoteza masikio kwa homa akiwa na miaka kumi, kwa hiyo kusema alijua, kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka, na alisoma midomo ya watu vizuri kuliko wengine wanavyosoma gazeti. Mashine zikinguruma na wenzake wakipigiana kelele wasielewane, yeye peke yake ndiye aliyeelewa kila mtu. Jicho alianza kumweleza kisa, naye akamkatiza kwa mkono uliojaa gundi.

"Usiniambie kilichosemwa," alisema. "Ukiniambia nitakiona hata kama hakipo. Waite wenyewe waje."

Kuwaita hakukuwa rahisi. Dobi hakupokea simu. Jicho alikwenda mpaka uani kwake, akasimama kati ya mashuka yaliyoanikwa, akasema neno moja tu, kwamba kuna mtu ambaye hajaambiwa kitu. Dobi alinyoosha shuka kwenye kamba mpaka mwisho. "Nitakuja," alisema, "ili nikuone ukiaibika mara ya pili." Mfamasia alikuwa bado hajarudi mjini kwake, akishughulikia vyeti vya marehemu. Naye akaja.

Walikaa wanne katika chumba cha kujalidi, kompyuta juu ya meza ya kukatia karatasi. Mjalidi alitazama, akarudisha, akatazama, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha jalada. Mara nyingine aliguna.

"Mzee huyu hana meno ya mbele. Herufi zinamponyoka. Na hizi *m* na *b*, kwenye midomo ni mapacha. *Mama* na *baba* mimi sizitofautishi."

Aliandika kwa muda wa saa nzima. Kisha akamsogezea dobi kile kipande. Yalikuwa maneno machache yenye mapengo katikati: *shule... ni mimi niliye... nilikudanganya... mama au baba yako alilia, akanishika miguu... mimi.*

Dobi akaweka kidole juu ya karatasi. "Hapa. Ni mama au baba?"

"Midomo haisemi."

"Basi hujui."

Mjalidi akamtazama kwa mshangao, kama mwalimu anayemtazama mtoto mwerevu aliyekosea. "Anayesema ni baba yako, siyo? Na anasema 'akanishika miguu'. Baba atajishikaje miguu mwenyewe, akajililia? Ni mama."

Dobi akatoa sauti ambayo Mjalidi hakuisikia ila aliiona. Mdogo wake alinyoosha mkono, akausimamisha hewani kidogo, kisha akamwekea begani. Dobi hakuuondoa. Alilia akiwa ameinamia kile kipande cha jalada, akilitaja jina alilokuwa akimwita mama yake alipokuwa mtoto, mara nyingi, kama anayegonga mlango.

Wakaendelea. Dakika ya kumi na nane, mzee alinyamaza. Akatazama chini. Akasema maneno mawili, ambayo Mjalidi aliyasoma bila taabu: "Na mdogo." Kisha akageuza uso kuelekea dirishani, na akaanza kuzungumza.

Kilichoonekana kilikuwa sikio, shavu, na msuli wa taya ukipanda na kushuka.

Mjalidi alisimamisha picha. Akaisogeza mbele kidogo kidogo. Akainamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Mwishowe akaegemea nyuma, akafuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na uchafu mpya.

"Hapa ameniacha nje," alisema. "Shavu halisomeki."

Mfamasia akamgeukia Jicho. "Wewe ulikuwa wapi?"

Safari hii Jicho hakuiacha huruma imtangulie. "Taa ya betri ilikuwa imewaka nyekundu. Nilikuwa nimeinama kwenye begi natafuta betri ya akiba. Sauti yake niliisikia, dada, kama unavyosikia mvua kwenye bati la jirani. Unajua inanyesha, basi. Sikusikiliza. Nilijua kamera inasikiliza kwa niaba yangu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Alikuwa na hasira? Alilia? Sauti ilikuwaje?"

Jicho akafumba macho, akajitahidi kwa moyo wake wote. Angeweza kusema *alilia*. Ni neno dogo, na nani angembishia? "Ilikuwa ya chini," alisema. "Ilikuwa ya chini kuliko ile aliyosema na dada yako. Zaidi ya hapo nikisema nitakuwa natunga."

Mfamasia akaivuta kompyuta upande wake, akairudisha picha pale mzee anapogeuka. Akaiacha iende. Shavu likacheza, taya ikapanda na kushuka, ikasimama muda mrefu, ikaanza tena. Mzee aliporudisha uso kwenye kamera, mfamasia akasoma namba zilizokuwa chini ya kioo.

"Dakika nne," alisema. "Katika maisha yangu yote baba hakuwahi kusema nami dakika nne mfululizo bila kunikemea." Akafikiri. "Au labda alikuwa akinikemea."

"Mdogo wangu," dobi alisema.

"Dada, niache. Wewe umepewa chako. Nakufurahia, wallahi nakufurahia. Lakini niache."

Aliiomba ile video, Jicho akampa pamoja na nakala. Mlangoni akageuka. "Sijakusamehe," alimwambia, bila ukali, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. "Nakwambia ili usije ukadhani."

"Najua, dada."

Dobi alikwenda kwenye kaburi la mama yake kesho yake, akafyeka nyasi kwa mikono yake, akalijengea ukingo wa matofali. Watu walimwona huko mara nyingi baadaye. Uhusiano wa dada hao ulipona nusu. Walipigiana simu, walitembeleana, lakini mazungumzo yakimgusa baba yao, mmoja alikuwa na la kusema na mwingine hana, na dobi akajifunza kujikatiza mwenyewe, jambo ambalo lilimuumiza mdogo wake kuliko kama angeyamaliza.

Jicho aliendelea na kazi, maana tumbo halina likizo. Lakini watu waliona amebadilika. Alikuwa mzito wa kupokea wagonjwa na wazee, akawaelekeza kwa wengine, na mwisho akabaki na harusi na mahafali, ambako mtu akikosa kusikika mara moja atarudia.

Na mara mbili tatu kwa mwaka, asubuhi, simu yake hulia. Huwa ni ile namba ya mji mwingine. Mke wake alimshauri aibadilishe laini, naye akakataa. Hupokea kila mara.

"Umekumbuka chochote?" mfamasia huuliza.

Kila mara yeye hufumba macho, akarudi mle chumbani, akainama kwenye lile begi, akasikiliza. Na kila mara huwa kuna sentensi moja nzuri, inayofaa, iliyo tayari ulimini. Huimeza.

"Bado, dada."

"Haya," mfamasia husema, na kukata.